Masika haya tusome nini Turiani?

Huenda bati lililo juu ya kichwa chako, ndugu msomaji wa Madizini au Lusanga, lina undugu na riwaya ambayo bado hujaisoma. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, na waliotoa fedha zake ni watengeneza mabati: Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya hapa Tanzania, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Washindi wa kwanza walitangazwa 2015. Tangu hapo miswada mingi iliyokuwa imelala kwenye madroo ya waandishi imepata wasomaji wa kuipima na wachapishaji wa kuitoa.

Washindi wake peke yao wanatosha kujaza rafu ya kwanza ya maktaba yoyote ya kijiji. Mwaka 2015 walikuwepo Anna Samwel Manyanza na Penzi la Damu, na Enock Maregesi na Kolonia Santita. Mwaka 2017 Ali Hilal Ali alishinda kwa Mmeza Fupa, 2018 Zainab Alwi Baharoon akashinda kwa Mungu Hakopeshwi, na 2019 Lello Mmassy akafuata na Mimi na Rais. Serikali nayo ikaingia. Kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wa kwanza walitunukiwa 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na kazi zinazoshinda huchapishwa ili zifike shuleni na maktabani. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto nazo zikapewa nafasi yake.

Kwa hiyo hatuna tena haki ya kulalamika kwamba Kiswahili hakina riwaya mpya. Shida ya watu wa Turiani ni nyingine. Kitabu kikitoka Dar es Salaam hufika Morogoro mjini kwa taabu, na kutoka hapo kinatakiwa kifuate barabara ya Dodoma, kiiache pale Magole, kipite Hembeti na mashamba ya mpunga ya Mkindo, ndipo kitufikie sisi chini ya milima ya Nguru. Vingi havifiki. Ingia kwenye duka la vifaa vya shule pale sokoni utazame rafu zake: madaftari yamepangwa mpaka darini, pembeni pana kalamu za bunda, mikebe ya hesabu, vitabu vya kiada, vijitabu vya mitihani iliyopita, Biblia, tenzi za ibada na Juzuu. Riwaya, kama ipo, ni ile iliyomo kwenye mtaala, na imewekwa pale kwa sababu kuna mtoto atakayeulizwa maswali juu yake.

Mwenye duka hana kosa. Anauza kinachoulizwa, na sisi hatuulizi kwa sababu hakuna aliyetuambia kuna nini cha kuulizia. Ndiyo maana naamini kwamba kumpendekezea mwenzako kitabu, katika mji kama huu, ni kazi ya lazima kwa kila anayesoma. Mjini kitabu kinaweza kujiuza chenyewe kwa jalada lake dirishani. Huku kinauzwa na neno la mtu aliyekisoma na anayeaminika. Na majira ya neno hilo ni haya ya masika, kiwanda kinaposimama kusaga miwa, njia za mashambani zinapojaa matope na jioni zinapokuwa ndefu ndani ya nyumba.

Nianze basi kutimiza wajibu wangu.

Ukisoma kimoja tu, kiwe Peponi

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Wengi tulishangilia jina lake redioni bila kuwa tumesoma hata ukurasa mmoja wake, maana aliandika kwa Kiingereza. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walituondolea kisingizio hicho. Walichapisha Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha Kiswahili London.

Habari yenyewe ni ya Yusufu, mtoto wa miaka 12 aliyezaliwa na baba mwenye kihoteli katika mji mdogo uliochipuka kando ya reli. Baba ana deni kwa tajiri mmoja mfanyabiashara, Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita ami na kumfurahia kwa sababu kila akija humpa senti. Siku moja Yusufu anaambiwa afunge kifurushi chake asafiri na ami. Anapanda garimoshi kwa furaha. Baadaye sana, akiwa dukani kwa tajiri huko pwani, ndipo kijana mwenzake anamfungua macho kwamba yule si ami yake, na kwamba yeye amewekwa rehani.

Mkulima wa Turiani haelezwi rehani ni nini. Anajua kuuza mpunga ungali shambani, anajua kukopa kwa mavuno ambayo hayajaota. Gurnah anaichukua hali hiyo na kuuliza inamfanya nini mtoto, na inamfanya nini mtu mzima aliyezoea kumilikiwa. Yumo mzee mtunza bustani, Hamdani, aliyepewa uhuru wake akakataa kuupokea kwa sababu haamini kwamba kuna mtu mwenye mamlaka ya kumpa. Kurasa zake ni chache, lakini ukifunga kitabu utakuwa bado unabishana naye.

Kuna sababu nyingine ya kukisoma hapa hasa. Mwisho wa riwaya majeshi ya Wajerumani yanapita yakikusanya vijana, na vita kuu vinanukia. Vita hivyo vilipita kwetu. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliwasukuma Wajerumani kupitia milima hii ya Nguru, wakapigana Matamondo, wakapigana tena kwenye mto Wami pale Dakawa, na Morogoro ikatekwa 26 Agosti. Waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa Waafrika, na wengi wao hawakurudi makwao. Msomaji wa Turiani akifika ukurasa wa mwisho wa Peponi anajua safu ile ya askari ilikuwa inaelekea wapi.

Kwa aliyekomea kwenye vitabu vya mtihani

Wako wengi kati yetu ambao riwaya ya mwisho waliyoisoma ilikuwa ya kidato cha nne. Mtu wa namna hii usimtupie kitabu chochote tu. Muulize alichokipenda shuleni, kisha umpeleke hatua moja mbele.

Kama anaikumbuka Takadini ya Ben Hanson, yule mama Sekai aliyekimbia na mwanawe mwenye ualbino ili wasimuue, basi anapenda habari za mtoto aliyekataliwa na anayejitafutia mahali. Mpe Siku Njema ya Ken Walibora. Ilitoka 1996, si mpya, lakini kwa ambaye hajaisoma ni mpya kabisa. Inamfuata kijana wa Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anayeachwa yatima wa mama na kuvuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Walibora alifariki Aprili 2020, na Kiswahili chake katika kitabu hiki kina nguvu ya kumfanya kijana atake kuandika.

Kama alipenda Mfadhili ya Hussein Tuwa, anapenda habari inayokimbia. Amwendee Tuwa yule yule katika Mkimbizi, kisha ajaribu Kolonia Santita ya Maregesi. Wazee watakumbuka jinsi vitabu vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa vilivyokuwa vikizunguka mabweni hadi majalada yakatoka. Hamu ile haijafa. Waandishi wa sasa wa upelelezi wanaifanya kazi ile ile, wakiwa na simu za mkononi na akaunti za benki ndani ya visa vyao.

Kama ameiona filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021, mwambie kitabu kina mengi kuliko filamu. Adam Shafi aliichapisha mwaka 1999. Filamu imebeba mapenzi ya Yasmini na Denge na harakati za kudai uhuru Zanzibar ya miaka ya 1950. Riwaya imebeba hayo pamoja na majirani, vichochoro, soga za barazani na ule upweke wa msichana aliyeozwa kwa mzee, ambao kamera haiwezi kukaa nao muda mrefu.

Na anayependa kusumbuliwa akili, yuko Euphrase Kezilahabi, aliyetutoka Januari 2020. Nagona yake ya mwaka 1990 ni kitabu chembamba, na wembamba huo hudanganya. Hakina njia iliyonyooka. Mtu anatembea katika dunia ya ndoto akitafuta jambo ambalo hata yeye hawezi kulitaja. Ukimpa mtu Nagona mwambie mapema kwamba atapotea, na kwamba kupotea humo ni sehemu ya kusoma. Asipoambiwa atakirudisha kesho yake, na riwaya nyingine hataipokea kutoka kwako.

Watoto wetu wanasoma nini baada ya KKK?

Shule zetu za msingi zimejitahidi katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuzitamka herufi zote. Swali ni anazitamkia wapi akirudi nyumbani. Akikosa hadithi kati ya darasa la pili na la tano, ujuzi ule hubaki kuwa wa kujibia maswali tu.

Kwa rika hilo napendekeza kwanza Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya Philipp Kruse na Walter Bgoya ya kile kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry, rubani wa Kifaransa aliyekitoa mwaka 1943. Kaa na mtoto ufungue kurasa za mwanzo. Kuna mchoro ambao watu wazima wote wanasema ni kofia. Ficha maneno kwa kiganja, umuulize mtoto anaona nini. Kisha geuza ukurasa aone kwamba ni nyoka mkubwa aliyemmeza tembo mzima. Mtoto wa huku, aliyezoea kusikia habari za chatu katika mashamba ya miwa, hucheka kwanza halafu huanza kuhoji: tembo aliingiaje, anapumuaje, nyoka atakaa siku ngapi bila kula? Usiyajibu haraka maswali hayo. Kitabu chote kimeandikwa kwa ajili ya mtoto anayeuliza hivyo, na kwa mtu mzima aliyeacha kuuliza.

Wa pili ni John Kilaka, mchoraji na msimulizi wa kutoka Sumbawanga, anayechora wanyama waliovaa nguo kwa rangi zinazowaka kama za Tingatinga. Vitabu vyake vilitangulia kupata wachapishaji Uswisi kabla ya kufahamika kwetu, jambo la kutufikirisha. Kimoja kinasimulia mti wa ajabu wakati wa ukame. Matunda yake yameiva lakini hayaanguki mpaka mti uitwe kwa jina lake, na jina analijua kobe peke yake. Wanyama wakubwa wanatumwa kwenda kuuliza, wanalipata, wanalisahau njiani. Sungura mdogo, aliyeambiwa hawezi kitu, ndiye anayerudi nalo: Ntungulu Mengenye. Waache watoto walitamke kwa sauti. Baada ya mara mbili tatu hawatakubali uwasomee hadithi hiyo bila wao kulitaja jina wenyewe.

Kwa wakubwa kidogo, wa darasa la sita au la saba, yupo Alisi. Ida Hadjivayanis, yule yule wa Peponi, ametafsiri upya kitabu cha Lewis Carroll kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, kikatoka 2015. Kabla yake ilikuwepo tafsiri ya mwaka 1940, ambamo Alisi, akiitwa Elisi, alichorwa kama binti wa Kiswahili. Ni faraja kuona kwamba habari ya mtoto anayeanguka shimoni na kukuta dunia iliyopinduka imependwa kwa Kiswahili kiasi cha kutafsiriwa zaidi ya mara moja.

Asiye na fedha ya kitabu lakini ana simu yenye intaneti asijihesabu nje. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umeweka hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zinasomwa bure. Zikishapakuliwa, zinasomeka hata mahali mtandao unapokatika. Shule nazo zijue kwamba Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umesaidia kutoa vitabu vingi vya hadithi kwa Kiswahili, na shirika la Room to Read limechapisha vingine na kufanya kazi na shule za msingi za mkoa wetu wa Morogoro. Kama kabati la shule yako lina vitabu hivyo na limefungwa kwa kufuli ili visichakae, mzazi una haki ya kuomba lifunguliwe. Kitabu cha mtoto kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Hapa niwaseme kidogo wajomba. Kwa Waluguru, Wanguu na Wazigua, mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Anashauriwa kwenye posa, anaitwa kwenye kesi, anasikilizwa. Neno hilo lifike pia kwenye kusoma. Mpwa akifaulu mtihani, pamoja na viatu na sare, aletewe kitabu cha hadithi na mjomba mwenyewe, na mjomba akija tena aulize hadithi iliishaje. Mtoto atasoma ili aweze kumjibu mjomba wake.

Kumshauri msomaji mwenzako

Kusema tu kwamba kitabu ni kizuri hakumsaidii mtu. Mwenzako anataka kujua mambo manne. Kinahusu nini, bila kumwambia mwisho wake. Kina ugumu gani, kwa lugha na kwa mpangilio. Kinamfaa nani. Na kwa nini umemfikiria yeye. Hili la nne ndilo linalomfanya akipokee. Ukimwambia mama lishe wa stendi kwamba umesoma riwaya ukamkumbuka yeye kwa sababu ya mama mmoja aliyemo ndani, ataacha sufuria akusikilize.

Umri nao uangaliwe kwa uaminifu. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa jinsi ilivyoeleza wazi maisha ya msichana na wanaume, na baadaye ikaja kusomwa na kufundishwa. Mimi naona kijana wa kidato cha tano anaihitaji, tena akiisoma pamoja na mtu mzima wa kuzungumza naye atafaidi zaidi. Mtoto wa darasa la saba asubiri. Kusema hivyo kunalinda heshima ya kitabu na ya msomaji pia.

Na ukisoma kitabu kikakuchosha, sema kilikuchosha wapi. Watu wakijua kwamba huwa unasema kweli kuhusu kitabu usichokipenda, watakuamini siku utakapowasihi wasome kingine.

Kuvipata na kuvizungusha

Morogoro mjini ipo Maktaba ya Mkoa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Anayekwenda mjini kwa shughuli zake apite, ajiandikishe, na aulize majina niliyoyataja hapa. Kama hayapo, aombe yaandikwe. Dar es Salaam, duka la TPH mtaa wa Samora lina vitabu vya Mkuki na Nyota na vya wachapishaji wengine, na Soma Book Café ni mahali ambapo wasomaji hukutana na waandishi ana kwa ana. Mwenye ndugu Dar es Salaam amtumie fedha na jina la kitabu, kitabu kipande basi la Turiani kama vifurushi vingine.

Bei isitutishe tukiwa wengi. Watu watano wakichanga hununua riwaya moja kwa fedha ambayo hakuna atakayeiona imepungua, na kila mmoja akikaa nayo wiki mbili, kabla msimu wa kusaga haujaanza wote wameimaliza na wameibishania. Bandikeni karatasi ndani ya jalada la nyuma. Kila anayemaliza aandike jina lake, kijiji chake, na mstari mmoja wa kumwambia anayefuata. Mashirika ya akina mama, kwaya, walimu wa shule moja, vijana wa bodaboda wa kijiwe kimoja: kundi lipo tayari, kinachokosekana ni kitabu katikati yao.

Watu wa hapa si wageni wa kusoma. Misheni ya Mhonda ilifunguliwa 1877 na mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo, na wakati wa kampeni za kufuta ujinga za miaka ya 1970 babu na bibi zetu walikaa madarasani jioni, mikono bado ina udongo wa shamba. Walijifunza kusoma wakiamini kwamba kuna mambo yenye thamani yameandikwa na wao wanastahili kuyajua. Leo yameandikwa mengi, kwa lugha yao, na waandishi wa nchi yao.

Mchapishaji aliyeko Dar es Salaam anaamua achapishe nakala ngapi kwa kutazama maombi yaliyomfikia. Turiani isipoulizia, kwake Turiani haina wasomaji, na mwandishi anayeanza leo ataambiwa soko ni dogo. Wiki hii ingia dukani pale sokoni, utaje Peponi au Siku Njema kwa jina, na umwombe mwenye duka akuagizie. Mwenzako naye aingie kesho yake aulizie hicho hicho. Muuzaji akiulizwa mara ya tatu ataagiza, na akiagiza kimoja kikanunuliwa, cha pili hatasubiri kuulizwa.